Chungu Hiki Kafinyanga Nani? Jina la Msanii Kati ya Picha, Chapa na Vyungu

Kila maonyesho ya sanaa yana mwandishi ambaye hatumfikirii: yule anayeandika vikaratasi. Ukiingia katika ukumbi uliokusanya picha za rangi, chapa na vyungu kwa pamoja, jicho huvutwa kwanza na rangi, kisha na weusi na weupe wa chapa, na mwisho, kama miguu haijachoka, na vyungu vilivyopangwa katikati juu ya vijimeza. Msomaji wa fasihi afanye kinyume. Asome vikaratasi kwanza. Kwenye picha atakuta jina la mchoraji, mwaka na aina ya rangi. Kwenye chapa atakuta jina, mwaka, na hata namba: nakala ya 12 kati ya 100, sahihi kwa penseli. Akifika kwenye chungu, hasa kilichotoka Afrika, mara nyingi sana atasoma hivi: chungu cha maji, jina la kabila, jina la nchi, karne ya 20. Basi. Aliyefinyanga hayupo.

Ukiuliza kulikoni, utapewa jibu ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tumelikariri tangu kidato cha tano: eti sanaa ya jadi haina mwenyewe, ni mali ya jamii nzima. Jibu hilo lina sura ya heshima, na ndiyo maana halihojiwi. Katika makala haya nataka kulihoji. Hoja yangu ni kwamba mfinyanzi alikuwa na jina, na walioishi naye walilijua. Jina hilo lilipotea safarini, kati ya jiko na ukumbi, na kuna watu waliolipoteza.

Tuanzie nyumbani. Wako wanaodhani kwamba kuweka vyombo ili vitazamwe ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate ukuta wa ndani ulijengwa zidaka safu juu ya safu, na humo zikapangwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari, si za kulia bali za kutazamwa. Hata wafu walifanyiwa maonyesho: kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa bakuli za kaure. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha kuanguka kwa Pate, aliyataja madaka hayo hayo ya sahani, akaweka ndege mahali pa vyombo. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Wasomaji wake walijua kidaka kitupu kina maana gani.

Lakini chungu cha wenyeji hakikupata kidaka. Kilikaa jikoni, mafigani, kikipigwa masizi. Kwa hiyo pwani yetu ilikwisha kuwa na ngazi yake ya vyombo kabla ya Mzungu yeyote kutufundisha neno makumbusho: cha nje ukutani, cha hapa jikoni.

Kilichofuata ni kichekesho cha historia. Wachimbaji wa mwanzo wa magofu yetu, akina James Kirkman huko Gedi na Neville Chittick huko Kilwa, walitegemea sana vyombo vya nje katika kupanga tarehe, na kwa muda mrefu historia ya pwani ilisomwa kana kwamba ni historia ya wageni waliokuja na merikebu. Wakati huo huo, katika kila shimo, vigae vya vyungu vya hapa hapa vilikuwa vingi kuliko vya nje kwa mbali sana. Ilipofika miaka ya 1980 na 1990, Mark Horton akichimba Shanga, na Felix Chami akiandika tasnifu yake ya 1994 kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, vigae hivyo vyenye michoro ya pembetatu vilisomwa kwa makini zaidi. Ikaonekana kwamba waliofinyanga pwani na waliofinyanga bara walikuwa wa mkondo mmoja, na kwamba miji ile ilianza na wenyeji. Chungu cha jikoni ndicho kilichotoa ushahidi ambao kaure ya ukutani haikuweza kuutoa. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Hapa gae lenyewe limemlipa mfinyanzi, ingawa kwa kuchelewa kidogo, miaka elfu moja na zaidi.

Sasa, tuwe waangalifu. Wafinyanzi wa Shanga hawana majina kwa sababu muda umeyala, na hapo hakuna wa kumlaumu. Mambo ni tofauti kabisa kwa mfinyanzi aliyekuwa hai wakati chungu chake kinanunuliwa, tena mnunuzi akiwa ameshika kalamu na daftari.

Ukumbi wa maonyesho kwa maana ya kisasa ulitufikia Afrika Mashariki kupitia Makerere. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma Slade, London, alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa katika Imperial Institute, London. Kwa kizazi chake alikuwa mtu wa pekee: aliamini kwamba Mwafrika anaweza kuchora bila kuiga, wakati wakubwa wengi wa kikoloni hawakuamini hata kwamba anaweza kuchora. Hilo tumpe. Ila Trowell alikuwa na kofia mbili. Mbali na shule ya sanaa aliwahi pia kutunza Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda. Kofia hizo mbili ndizo zilizogawa ulimwengu. Kijana aliyechora picha pale Makerere akawa msanii, na jina lake likaenda London: Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alifanya maonyesho yake Piccadilly Gallery mwaka 1955, na miaka mitano baadaye Museum of Modern Art ya New York ikanunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mama yake mtu aliyefinyanga chungu cha pombe hiyo hiyo aliingia katika kitabu cha kazi za mikono, chini ya jina la kabila. Mgawanyo huu haukuwa wa chuki. Ulikuwa wa makabati. Lakini kabati nalo lina itikadi yake, na tusidanganyane.

Ili kuona kwa undani jinsi jina la mfinyanzi linavyopotea na jinsi linavyoweza kurudi, inabidi tutoke Afrika Mashariki twende Nigeria, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikotokea kwa uwazi kuliko popote.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Nigeria ilimwajiri Michael Cardew kuwa Afisa Ufinyanzi. Naam, palikuwa na cheo kama hicho. Cardew, aliyezaliwa 1901, alikuwa mwanafunzi wa Bernard Leach huko St Ives, na alikwisha kufanya kazi Achimota, Gold Coast, wakati wa vita. Akaanzisha kituo cha mafunzo Abuja. Msomaji asichanganye: hii si Abuja mji mkuu, bali ule mji wa zamani ambao leo unaitwa Suleja, baada ya jina lake kuchukuliwa mwaka 1976 kwa ajili ya mji mkuu mpya. Kituo kilikusudiwa kuwafundisha vijana kufinyanga kwa gurudumu, kupaka vyombo madini yanayoyeyuka motoni yakawa kama kioo, na kuvichoma katika joko kwa joto la karibu nyuzi 1,300, ili wananchi wapate vikombe na bilauri za hapa badala ya kuagiza nje. Vijana hao walikuwa wanaume watupu. Na hii ilikuwa katika nchi ya Wagbari, ambako kufinyanga vyungu ni kazi ya wanawake! Serikali ilileta mwalimu kutoka ng'ambo kuwafundisha wanaume jambo ambalo dada zao walikuwa wakilifanya ng'ambo ya barabara.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Ladi, wa kijiji cha Kwali, aliyezaliwa yapata 1925 na kufundishwa kazi na shangazi yake. Cardew aliona vyungu vyake kwa mara ya kwanza katika jumba la Amiri wa Abuja, Suleimanu Barau, ambaye alikuwa amevikusanya na kuviweka ndani. Hapa ndipo tukio lote linapogeukia, na wanaosimulia habari za Ladi Kwali hupita haraka mno. Kabla Cardew hajamjua, kabla ya London, palikuwa na ukumbi wa maonyesho: nyumba ya Amiri. Palikuwa na mkusanyaji: Amiri mwenyewe. Na palikuwa na jina, kwa sababu Cardew alipouliza vyungu hivi ni vya nani, alijibiwa. Hakuambiwa ni vya jamii. Aliambiwa ni vya Ladi wa Kwali.

Mwaka 1954 Ladi aliingia kituoni, mwanamke wa kwanza pale. Alijifunza gurudumu, lakini sifa zake kubwa zilitokana na namna ya kwao: kuujenga mtungi kwa mikono, pindo juu ya pindo la udongo, yeye mwenyewe akiuzunguka kinyumenyume, kwa hiyo kinachozunguka si chungu bali mfinyanzi. Juu yake alichora mijusi, nge, mamba na ndege. Kituoni mikwaruzo ya michoro hiyo ikajazwa udongo mweupe, mtungi ukapakwa ile ngozi ya kioo, ukaingia joko la moto mkali. Vyombo vya Abuja vikaonyeshwa Berkeley Galleries, London, mwaka 1958, 1959 na 1962. Chini ya chombo kulikuwa na muhuri wa kituo, na muhuri wa mtu: herufi L na K.

Kwa hiyo jina lilipatikana. Lakini lilipatikana kwa bei, na bei hiyo ililipwa na mtungi. Mtungi wa Kwali uliochomwa kwa nyasi na kuni hewani una vinyweleo. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yakauka, na kukauka huko hupooza maji ya ndani. Kila aliyekunywa maji ya mtungini saa nane mchana anaelewa bila somo la fizikia. Ukiupaka mtungi huo kioo na kuuchoma kwa nyuzi 1,300, vinyweleo vyote vinazibika. Umbo ni lile lile, mijusi ni ile ile, kitako kimeviringana vile vile kama cha kukaa juu ya mafiga au mchangani, lakini hauwezi tena kupooza maji. Umeacha kazi. Kilichobaki ni kutazamwa.

Wengine watasema huo ndio mwendo wa sanaa, kwamba kitu hakiwi sanaa mpaka kikose matumizi. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni Amiri Barau. Mitungi aliyoiweka katika jumba lake ilikuwa bado mitungi kamili. Ilitazamwa, na siku yoyote ingeweza kutiwa maji. Hapakuwa na lazima ya kuchagua kati ya jina na kazi. Lazima hiyo iliwekwa na soko la London, ambalo lilijua kumpa heshima mfinyanzi wa joko la moto mkali, kwa mfano wa Leach na wafinyanzi wa Kijapani, na halikujua la kumfanyia mfinyanzi wa moto wa nyasi ila kumpeleka makumbusho bila jina. Ladi Kwali yule yule, mikono ile ile: chungu chake cha kituoni ni kazi ya Ladi Kwali, chungu chake cha kijijini kingeweza kuandikwa Wagbari, Nigeria.

Baadaye Uingereza ilimpa nishani, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima mwaka 1977, na baada ya kifo chake mwaka 1984 sura yake akiwa kazini iliwekwa nyuma ya noti ya naira 20, tangu 2007. Ni mengi kwa mfinyanzi. Ni machache tukikumbuka wenzake. Halima Audu na Asibi Ido walifanya kazi katika kituo kile kile, na ni wangapi kati yetu waliowahi kuwasikia?

Nimekaa sana kwenye chungu, na ndivyo inavyostahili. Lakini tusifikiri kwamba chapa na picha zimelimaliza suala la jina.

Chapa ni sanaa ya maskini kwa maana nzuri. Kipande cha linoliamu, yaani lile zulia gumu la sakafuni, kisu, wino mweusi na karatasi. Huko Rorke's Drift, Natal, mahali ambapo Wazulu na Waingereza walipigana mwaka 1879, Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius, walianzisha kituo cha sanaa chini ya Kanisa la Kilutheri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Azaria Mbatha alijifunza kukata linoliamu kwao akiwa bado mgonjwa hospitalini Ceza. John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kuishi Namibia, alisoma hapo 1968 na 1969. Watu wa fasihi tungepaswa kumsoma huyu kama tunavyosoma washairi, kwa maana chapa zake zimejaa maneno: masimulizi ya ukoo wake, kanisa lake, upweke wake, siasa za nchi iliyokuwa chini ya Makaburu. Na ili neno lisomeke sawasawa kwenye karatasi, inabidi likatwe kinyume kwenye linoliamu. Kila herufi aliiandika kwa kugeuza. Muafangejo alifariki mwaka 1987, miaka miwili na kitu kabla ya uhuru wa Namibia. Hakuna kikaratasi kinachoweza kumfuta, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kujieleza ndani ya kazi.

Angalia lakini kilichotokea upande wa pili wa ua, kwenye karakana ya vyungu iliyoanza Rorke's Drift mwaka 1968. Wanaume walipewa gurudumu, wanawake wakabaki na pindo za mkono. Ile hadithi ya Abuja tena. Ila hapa wanawake kama Dinah Molefe walifanya kazi ndani ya kituo ambacho kilikwisha kuzoea, kutokana na chapa, kwamba kila kazi ina mtu wake, na vyungu vyao vinatambulika leo kwa majina. Nadhani hii ndiyo faida ya kuweka chapa na vyungu chini ya paa moja: desturi ya sahihi huambukiza. Dar es Salaam nayo ilipata paa la namna hiyo mwaka 1972, Nyumba ya Sanaa ilipoanzishwa na Sista Jean Pruitt. George Lilanga aliingia pale akiwa mlinzi, akatoka akiwa mchongaji, mchapaji na mchoraji anayejulikana duniani.

Kuhusu picha nitasema moja tu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye mbao laini za mraba, kwa rangi za mafuta za dukani. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne, na jina lake likageuka kuwa nomino ya kawaida. Wanafunzi wake, akina January Linda na Simon Mpata, na wanafunzi wa wanafunzi hao, wanaweka sahihi pembeni mwa picha, wazi kabisa, na mnunuzi anatoka nayo akisema nimenunua tingatinga. Kwa hiyo kuna kufutwa kwa kukosa jina na kuna kufutwa kwa jina la mwingine. Sijui lipi linauma zaidi. Mwulize mchoraji.

Sasa turudi kwetu, kwenye fasihi, maana wasiwasi wangu hauko kwenye vyungu peke yake. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, na jalada lilisema zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Jina lililokaa mahali pa mwandishi ni Steere. Ni kikaratasi kile kile: chungu, kabila, nchi. Tunamcheka Steere, haya. Lakini fungua tasnifu zetu za fasihi simulizi zilizojaa maktabani. Mwanafunzi anakwenda kijijini, anakaa na bibi kizee siku mbili, anarekodi ngano kumi na mbili, anarudi chuoni na kuandika: ngano ya Wanyakyusa, ngano ya Wapare. Fani imechambuliwa, maudhui yamechambuliwa, wahusika wamechambuliwa mpaka sungura mwenyewe kachoka. Bibi hayupo. Ati fasihi simulizi haina mwenyewe! Pale kijijini, ukiuliza nani anajua kutamba hadithi, hata mtoto wa miaka sita atakushika mkono akupeleke kwenye mlango mmoja, si milango yote.

Ni hivyo hivyo kwa vyungu vya Wakisi. Vinafinyangwa na wanawake wa kando ya Ziwa Nyasa, vinaletwa kwa mitumbwi hadi mnadani Lyulilo, karibu na Matema, kisha vinasambaa mikoani. Maelfu ya majiko ya Tanzania yamepikia maharage ndani yake. Tunaviita vya Wakisi kama vile kabila zima liliinama pamoja kwenye udongo. Anayevinunua pale pale ufukweni hanunui kwa kabila. Anachagua mkono wa mtu. Kikipakiwa kwenye lori, jina linabaki mchangani. Kwa hiyo pale ambapo kikaratasi cha maonyesho kinasema msanii hajulikani, ingekuwa kweli zaidi kuandika: hakuulizwa.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 akiwa na nia ya michoro ya matangazo ya biashara, akakutana na udongo huko Cambridge. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 alisafiri hadi Abuja kujifunza, na mmoja wa waliomfundisha kujenga chungu kwa mkono alikuwa Ladi Kwali. Vyungu vya Odundo havipakwi kioo. Anavisugua mpaka ving'ae, anavichoma viwe vyekundu au vyeusi, na vinyweleo vinabaki. Mwaka 2022 vyungu vya mwalimu na vya mwanafunzi viliwekwa katika maonyesho mamoja London, katika nyumba iitwayo Two Temple Place, na vikaratasi vilikuwa na majina yote mawili.